Kikundi cha Ukoo: Kijana wa Neema

Dada Mkubwa: Wapendwa, wageni wameshafika kwao salama. Sasa tuambiane, yule kijana mmemwonaje?

Mjomba: Mimi bado hajaniingia. Shati limepauka, visigino vya viatu vimelika upande. Siku ya kujitambulisha! Yule wa kwanza alikuja suti imenyooka, na sala yake ikamliza Mama.

Shangazi: Na huyo wa suti yuko wapi leo, kaka? Si Neema ndiye anayelipa deni alilomwachia?

Mjomba: 😔

Dada Mkubwa: Babu, shikamoo. Naona umesoma.

Babu: Marahaba. Nimewasoma wote. Samweli alikuwa nabii, na bado alipomwona Eliabu, kaka mkubwa wa Daudi, alidhani mfalme amepatikana. Tena alikuwa ameshayaona ya Sauli, mfalme aliyekataliwa na Mungu, aliyewapita watu wote urefu kuanzia mabegani! 1 Samweli 16:7, "wanadamu huitazama sura ya nje, bali BWANA huutazama moyo."

Mjomba: Amina, baba. Lakini moyo anauona Mungu. Sisi tutazame nini?

Babu: Endelea sura ya 17. Daudi katumwa na baba yao Yese awapelekee kaka zake chakula vitani. Anauliza tu habari za yule Mfilisti, Eliabu anamwakia: kondoo wachache umemwachia nani kule nyikani? Mbele za watu! Kimo kilikuwa kile kile cha siku ile nyumbani kwa Yese. Mimi mtu namtazama hapo, mdogo wake anaposogea mbele yake.

Shangazi: Ndiyo "mtawatambua kwa matunda yao". Na tunda halitoki siku ya ugeni.

Kaka Imani: Mimi nilikaa karibu naye. Mwanangu alimmwagia maji suruali nzima. Hakukunja uso, aliinama akamuuliza mtoto kama naye amelowa. Halafu Mjomba, samahani, ulimkatisha mara mbili. Alinyamaza ukamaliza, kisha akakwambia kwa upole kwamba hakubaliani nawe.

Mjomba: Kweli alinyamaza. Niliona kama woga.

Shangazi: Mwoga angekuitikia ndiyo kwa kila neno.

Mama Neema: Jamani, tusije tukaangukia upande wa pili, tukasema shati limepauka basi ni mcha Mungu. Daudi mwenyewe alikuwa mzuri wa sura, imeandikwa sura ile ile ya 16, mstari wa 12. Viatu vilivyolika havinipi jibu, wala suti. Mimi mama nataka kujua anavyosema na mama yake, anavyolipa anachodaiwa, na akikosea kama anakubali.

Dada Mkubwa: Hapo mama umesema 🙏🏾

Babu: Umenena, binti yangu. Na mwombe pia. Yuda alishika mfuko, akala na kulala na wenzake, na usiku ule bado kila mmoja aliuliza "Ni mimi, Bwana?" Hakuna aliyemnyooshea kidole. Kuna mtu macho yetu hayamfikii hata tukikaa naye.

Mjomba: Basi aje Jumamosi tutengeneze ule uzio. Kutwa nzima juani, tutaongea vizuri.

Shangazi: Na umwache amalize sentensi.

Mjomba: Nitamwacha, dada.

Mama Neema: Kwanza nimuulize Neema. Huyu ni mchumba wake, naye ana macho.