Siku yangu ya kuzaliwa kihobiti: naombeni ushauri kabla sijafilisika

Bibi_Shimo:
Habarini wakuu, poleni na majukumu.

Kundi letu la wasomaji lilipitisha kwamba mwaka huu kila mtu siku yake ya kuzaliwa ataifanya kihobiti, yaani kwa desturi za wale watu wadogo wa Shire kwenye vitabu vya Tolkien. Zamu yangu imekaribia. Wanaojua wanajua: kwa mahobiti, mwenye siku ndiye anayegawa zawadi. Wageni walioalikwa wanafika kama 40, na kuna ndugu wamesikia kuna kugawiwa vitu, wamejialika wenyewe.

Mume wangu anasema huu ni umaskini wa kujitakia. Mimi sijitoi, ila naomba mnisaidie. Ni lazima kila anayekuja apewe kitu? Nikigawa vitu vilivyokaa ndani bila kazi, itaonekana dharau? Halafu nina rafiki mmoja (hayumo humu, nina hakika) anayeazima vitabu vyangu na kuvirudisha ni shughuli. Bilbo, yule hobiti wa kitabuni aliyegawa vitu siku yake ya kuzaliwa kisha akahama, alimwachia Hugo Bracegirdle, mwenye tabia hiyo hiyo, kabati la vitabu likiwa tupu, lenye kikaratasi cha jina. Natamani nami nimpe langu lililopasuka rafu, na kikaratasi juu. Mnaonaje?

Ratiba ya milo saba nimeshapanga, hapo sina shida.

Mzee_Kiko:
Mwambie shemeji atulie. Desturi hii hakuibuni tajiri. Kitabu chenyewe kinasema zawadi hizo kwa kawaida si za bei kubwa, na kwamba utaratibu haukuwa mbaya: pale Hobbiton na Bywater, vijiji vya Shire, kila siku ya mwaka ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mtu fulani, hivyo kila hobiti alikuwa na uwezekano mzuri wa kupata walau zawadi moja kwa wiki. Unatoa mara moja, unapokea mwaka mzima. Ni mchezo wa kupeana tu, ila bila daftari na bila mweka hazina.

Kuhusu vitu vya ndani, hapo ndipo umegusa penyewe. Mahobiti wana mathomu. Mathomu ni kitu ambacho huna kazi nacho ila roho haikutumi kukitupa. Nyumba zao zilikuwa zinajaa hivyo vitu, na zawadi nyingi zilizopita mkono hadi mkono zilikuwa za aina hiyo. Hata jumba lao la makumbusho kule Michel Delving liliitwa Nyumba ya Mathomu. Gawa bila wasiwasi. Kikirudi kwako baada ya miaka, ujue desturi imeshika.

Tumbo_Mbele:
Milo saba umeitoa wapi? Vitabuni ni sita, tena pale walipoweza kuipata. Saba ni ya ile filamu ya 2001, hobiti Pippin anapoitaja mmoja mmoja njiani. Punguza mmoja, pesa ihamie kwenye zawadi.

Bibi_Shimo:
@Tumbo_Mbele umeniokolea sufuria zima.

Karani_wa_Shire:
Naongezea kwa swali la "lazima kila mtu apewe". Kuna barua ya Tolkien ya mwishoni mwa miaka ya 1950, alimjibu msomaji aliyemwuliza juu ya zawadi hizi, akaeleza kwa kirefu kama mzee wa ukoo anayeulizwa mambo ya mahari. Kwa adabu ya Shire enzi za sherehe ya Bilbo, mwenye haki ya kutarajia zawadi kutoka kwako ni ndugu wa karibu, mwisho ni wale mnaochangia mzazi wa babu au bibi, na awe anaishi ndani ya maili 12, kama kilomita 19 hivi. Rafiki asiye ndugu hatarajii, ingawa anaweza kupewa na ni jambo jema.

Kwa hiyo chukua orodha yako, futa walio mbali, kisha wale marafiki 40 wape kwa hiari yako na kwa uwezo wako. Hao ndugu waliojialika waulize kwanza wanaishi wapi.

Kwenye barua hiyo hiyo kuna jambo naona litakusaidia kuliko yote. Zawadi iliyohesabika kuwa sahihi ni kitu chako mwenyewe au ulichokizalisha: ulichookota, ulichootesha, ulichotengeneza. Watoto wadogo walianza kwa kuwapa wazazi wao maua ya porini. Mahobiti wasio na uwezo walitoa mazao ya bustani au kazi za karakana zao. Sasa wewe una nini mikononi? Unashona? Una bustani?

Bibi_Shimo:
Bustani ninayo! Miche ya maua na ya viungo vya mboga nina mingi hadi nakosa pa kuiweka. Sikuwahi kuifikiria kama zawadi, nilikuwa nimejiandaa kwenda dukani.

Mzee_Kiko:
Basi umemaliza. Mche mmoja, kopo moja, jina la mtu.

Tahadhari: siku ya Bilbo zawadi ziligawiwa getini, na kuna waliotokea njia ya nyuma wakazunguka kuingia tena kwa mbele. Hao walikuwa majirani zake. Wewe una ndugu.

Dada_Asiyecheka:
Nimesoma wote mnamshangilia, hakuna aliyemjibu lile la kabati. Nalijibu mimi: usifanye.

Tazama ilivyokuwa. Vile vikaratasi vya vijembe watu walivisoma kesho yake, Bilbo mwenyewe keshaondoka usiku ule ule, na hakukusudia kurudi kuishi pale. Adelard Took aliachiwa mwavuli kwa sababu alishabeba mingi isiyo yake. Dora Baggins, mwandishi wa barua ndefu za ushauri, akaachiwa kapu la karatasi taka. Lobelia akapata vijiko vya fedha, maana Bilbo alihisi vyake vingine viliishia kwake. Lobelia alilielewa dongo, na vijiko akabeba. Yote hayo anayatupa mtu aliyekwisha kufunga mizigo, na wa kukaa na nyuso zile akabaki Frodo, mrithi wake.

Wewe unahama? Kama huhami, Frodo ni wewe.

Halafu watu huyakumbuka madongo wakasahau zilizobaki. Mzee Gamgee, jirani na mtunza bustani, alipata magunia mawili ya viazi, sepetu mpya, kizibao cha sufu na chupa ya dawa ya kuchua viungo vinavyolia. Hapo hakuna kijembe. Ni mtu aliyemtazama jirani yake vizuri akajua anaumwa wapi. Mimi ningeiga hiyo.

Mpita_Njia:
Dada hapo juu kapiga msumari. Ila vitabu navyo vidaiwe jamani, urafiki usigeuke maktaba.

Dada_Asiyecheka:
Vidaiwe, kwa mdomo, siku nyingine. Akiahidi kukurudishia "Ijumaa tarehe mosi" ujue keshakukatalia. Kwenye kalenda ya Shire hakuna mwezi unaoanza Ijumaa.

Karani_wa_Shire:
Umenichokoza kwenye kalenda. Miezi yao yote 12 ina siku 30, zinazobaki wanaziweka nje ya miezi: mbili za Yule mwishoni na mwanzoni mwa mwaka, na tatu za katikati, za Lithe. Siku ya Katikati ya Mwaka haina hata jina la juma, na kwenye mwaka mrefu huongezwa moja nyingine isiyo na jina la juma vilevile. Matokeo yake kila tarehe inaangukia siku ile ile milele. Septemba 22, siku ya Bilbo na Frodo, ni Alhamisi kila mwaka. Kama kundi lenu linataka kuwa la kweli kabisa...

Tumbo_Mbele:
Mkuu, dada wa watu ameuliza habari za zawadi.

Bibi_Shimo:
Haha, mwacheni, napenda. Nimemwelewa @Dada_Asiyecheka, kabati linabaki kwangu, nitalitengeneza rafu. Yule rafiki ana mgongo unaomsumbua, nadhani nimeshajua nimpe nini.

La mwisho: wageni nao wakija na zawadi zao? Kuna watakaoleta tu, siwezi kuwarudisha mlangoni.

Karani_wa_Shire:
Hilo lina adabu yake. Mahobiti walimpa mwenye siku pia, hasa watu wa ukoo, kama kutambua kwamba huyu ni wetu. Zililetwa kwa mkono, mapema, kabla ya chakula cha mchana wa siku yenyewe. Alizipokea faraghani, na kuzianika hadharani ilikuwa utovu wa adabu, ili aliyeleta kidogo asiaibike mbele ya aliyeleta kikubwa. Kwa hiyo pokea, shukuru, peleka chumbani. Usifungue mbele za watu hata wakikushangilia.

Mzee_Kiko:
Hapo mahobiti wametuzidi.

Mpita_Njia:
Na viatu vipi? Wageni wavue? Nimesikia wale wanatembea peku.

Mzee_Kiko:
Peku, ndiyo, lakini wana nyayo ngumu kama ngozi na nywele za kujikunja juu ya miguu. Wageni wa Bibi_Shimo hawana. Waache na viatu vyao. Wakitaka kufanana wavae rangi za kung'aa, kijani na njano ndizo mahobiti wanazozipenda zaidi.

Dada_Asiyecheka:
Jambo moja la utendaji, Bibi_Shimo. Andika majina mapema na uyafunge kwa uzi, usiyabandike. Na meza ya mathomu iwe na mtu wake wa kusimamia, mwenye uso mkavu. Kule Bag End, nyumbani kwa Bilbo, kesho yake vikaratasi vilichanganyika, watu wakaanza kubadilishana zawadi ukumbini, wengine wakajaribu kuondoka na vitu visivyo na majina yao. Shemeji anayeuogopa umaskini ndiye wa kukaa hapo. Mpe kiti.