Moto kichaa kwenye miombo: jua, radi au mtu?

Mzinga_Sikonge:
Wakuu, msitu wa kijiji huku Tabora unaungua kila mwaka kati ya Agosti na Oktoba. Kwenye vikao sababu ni zile zile: jua kali, chupa zilizotupwa, radi. Mtu hatajwi. Kitaalamu kipi kinawezekana? Na moto ukishazima, kuna namna ya kujua ulianzia wapi?

Bwana_Miti:
Jua liondoe kwenye orodha. Udongo mtupu ukipigwa jua la Oktoba hufika nyuzi 60, labda 70, wakati nyasi kavu zinahitaji kama 250 hadi 300 ndipo zishike. Kazi ya jua ni kukausha tu. Nyasi nyembamba hupoteza unyevu ndani ya saa moja au mbili hewa ikiwa kavu, ndiyo maana moto unaojifia wenyewe alfajiri haushikiki saa nane mchana.

Chupa usiijengee hoja. Lazima kioo kikusanye miale kwenye nukta moja, na jua lenyewe halitulii.

Radi ni chanzo cha asili cha kweli, ila angalia kalenda. Huko mvua hukatika Mei na kurudi Oktoba mwishoni au Novemba. Ngurumo za kwanza, nyasi zikiwa bado kavu, ndizo zinazowasha. Mti uliopigwa haujifichi: gome limechanika mstari mrefu, mara nyingine ukizunguka shina, na vibanzi vimetupwa mbali. Moto wa Agosti usio na mti kama huo una mtu nyuma yake.

Mkaguzi_wa_Doria:
Kuhusu chanzo: fika mapema, kabla upepo haujapeperusha majivu na watu hawajakanyaga. Anzia pembeni, rudi nyuma ukisoma mashina. Moto uliosukumwa na upepo huacha weusi uliopanda juu zaidi upande wa pili wa shina, ule usiotazama ulikotoka. Pale ulipotambaa polepole kinyume cha upepo, mabua huungua chini na kuanguka, vichwa vikielekea kule moto ulikotokea. Chomeka vijiti kila unaposoma dalili, maana moja peke yake hudanganya.

Ukikaribia mwanzo, moto unaonekana ulikuwa mdogo: nyasi hazikuisha zote, weusi uko chini. Hapo piga magoti. Tafuta njiti ya kiberiti, masega ya asali, kipande cha mwenge wa warina asali, ukingo wa tanuri la mkaa. Sigara inalaumiwa mno. Haishiki kirahisi kama hewa haijakauka sana.

Shamba_Darasa:
Kwa Septemba na Oktoba mimi ningeanzia mashambani. Watu huwasha mchana kusafisha shamba, upepo ukiwa nyuma yao, bila ukanda wa kuzuia moto. Fyeka na kwangua mita 4 au 5 hadi udongo uonekane. Subiri jioni upepo utulie. Washa kwanza upande ule upepo unakoelekea, ili moto urudi polepole kinyume chake. Ukishapata ukanda mweusi wa mita 10 hivi, ndipo uwashe ubavuni, na upande upepo unakotoka mwisho kabisa. Visiki vinavyofuka mwagieni maji, chimbueni, mwagieni tena. Kesho yake mpite kwa mgongo wa mkono kuhisi joto.

Warina asali waache mwenge, watumie bomba la moshi la kutuliza nyuki. Cheche za mwenge huanguka wakati mtu yuko juu ya mti, na hakuna aliyebaki chini kuzikanyaga. Mkaa nao: tanuri likipata ufa usiku hewa huingia, moto hutoka nje. Mwenyewe asilale mbali, na udongo wa kuziba uwe umeshapigwa rundo.

Bwana_Miti:
Sawa, ila msitake moto uishe kabisa. Nyasi zikirundikana misimu mitatu, njiti moja ya Oktoba itaua miche yote. Chomeni mapema, Mei mwishoni hadi Juni, nyasi zikiwa nusu mbichi: kwa vipande, jioni, kwa kibali cha ofisi ya misitu. Moto wa wakati huo hufika magotini na kuacha mabaka yasiyoungua. Eneo la wafugaji lipangeni nao, maana wanataka chipukizi na watawasha hata mkikataza.

Mzinga_Sikonge:
Ukanda unaopakana na malisho uwe upana gani?

Bwana_Miti:
Mita 6 zilizokwanguliwa, na ukanda wa Juni uliochomwa pembeni yake. Pale unapopanda mlima ongezeni, moto hukimbia zaidi ukielekea juu.