Gramu 150 za nyama ya Kobe kwa laki tatu na nusu: bei hii ni halali yake?

Wakala wa Yokohama
Wakuu habari za jioni. Niko Japani mwaka wa 11, nasafirisha magari kwenda Dar. Wiki iliyopita nilipokea wateja wangu wawili kutoka nyumbani, mmoja ni mzee wa heshima, mfugaji kabisa wa Mara, wakasema hatuondoki bila kula ile nyama ya ng'ombe ya mji wa Kobe. Tukapanda shinkansen, ile treni ya kasi, mpaka kulekule Kobe. Mgahawa msafi, mpishi anakupikia mbele ya macho kwenye bamba la chuma, gramu 150 kila mtu, yeni elfu 20 kwa kichwa. Ukipiga kwa hela ya kibongo ni kama laki tatu na nusu, na buchani Dar kilo nzima ni elfu kumi na kitu. Nyama ni laini hilo halina ubishi, inayeyuka hujaitafuna. Ila mzee alipofika kipande cha tano akaweka uma chini akasema, "Mwanangu, hii siagi, sasa nyama yenyewe inakuja saa ngapi?" Sijalala vizuri toka siku ile maana mimi ndiye niliyemsifia. Nauliza kwa nia njema kabisa, ile bei ni halali yake au tunalipia jina?

Mpenda Steki
Ni halali yake na chenji inabaki. Ng'ombe anapigiwa muziki, anapewa bia, anakandwa mgongo kila siku, utamlinganisha na huyu aliyepanda lori toka Shinyanga mpaka mnada wa Pugu kasimama njia nzima? Mkuu kosa lako ni moja tu, umempa A5, lile daraja la juu kabisa la nyama ya Kijapani, mtu aliyezoea ugali na utumbo. Ulimi haujafundishwa. Nyama haina tatizo.

Mtoto wa Tarime
Soma tena ulichoandika kuhusu mzee wa watu. Mfugaji wa Mara hajui nyama?? Sisi kwetu mtoto wa miaka sita anajua kipande kimetoka wapi kwa kukitafuna tu, anajua kama ng'ombe alikuwa mzee au mtamba, alikula majani ya kiangazi au ya masika. Mzee kasema ukweli wake mbele ya sahani ya laki tatu na nusu, wewe unasema ulimi haujafundishwa. Nani alifundisha wa kwako, Masaki?

Mchinjaji Vingunguti
Wakuu mimi kazi yangu ni kisu, miaka 19. Ngoja niseme kitu kimoja kuhusu hiyo A5 maana watu wanaitaja kama cheo cha utamu. Hiyo herufi A haimhusu mlaji hata kidogo. Inasema ukimchuna huyu ng'ombe utapata nyama kiasi gani kwenye mzoga, A ni nyingi, B ya kati, C ndogo. Hiyo inanihusu mimi mchinjaji. Namba 5 ndiyo inaangalia mafuta yaliyotawanyika ndani ya nyama, rangi, ugumu, na weupe wa mafuta yenyewe. Halafu ndani yake kuna kipimo kingine cha mafuta, 1 mpaka 12, na hiyo 5 inaanzia 8. Sasa 8 na 12 zote zinaitwa A5 lakini ukiziweka mezani ni nyama mbili tofauti kabisa. Na hakuna mtu anayeionja kabla ya kuigonga muhuri, wanaangalia tu pale walipoikata mbavuni. Kwa hiyo unalipia mafuta yanayoonekana. Kama mzee hapendi mafuta, yenye namba 3 ingemfurahisha na angelipa pungufu.

Mpenda Steki
@Mtoto wa Tarime hakuna aliyetukana mtu punguza povu. Masaki sikai, na ningekaa ingekuwa kwa jasho langu. Nimesema ulimi hufundishwa, hata kahawa chungu mtoto anaitema. Wajapani wameanza kula hii nyama mababu kwa mababu, ndio maana wanaijua.

Shangazi wa Nagoya
Mababu kwa mababu gani hao mwanangu. Mimi niko huku toka 1998 na mume wangu ni wa hukuhuku. Mfalme Tenmu alipiga marufuku kula ng'ombe mwaka 675, pamoja na farasi, mbwa, nyani na kuku, na hata marufuku zilipolegea watu wengi hawakuzoea nyama ya ng'ombe, ng'ombe alikuwa wa kulima na kubeba. Mfalme Meiji kutangazwa kwamba amekula ng'ombe ni 1872, na hapo Kobe yenyewe wazungu ndio walioanza kuulizia nyama bandari ilipofunguliwa 1868. Mkurya amewatangulia mbali sana. Na utumbo unaoudharau, huku unaitwa horumon, Osaka watu wanakaa foleni kuula, Fukuoka wanaupika kwenye chungu na kabichi na kitunguu saumu mpaka mgeni anasahau alikuja kufanya nini. Usidharau utumbo.

Mtoto wa Tarime
Shangazi shikamoo. Nimesimama.

Bint Sharjah
Assalam alaykum. Kaka Wakala umelitaja neno halali nami nimelichukua kwa maana yake ya mwanzo, huyo mzee kama ni Muislamu mlimuuliza mwenye mgahawa? Maana si kila nyama ya hapo Kobe imechinjwa kwa sheria yetu, lazima uulize. Huku Imarati inakuja ya Kijapani ya halali, nimeila, na ni tamu, sikatai. Lakini hoteli moja hapa iliniuzia "baga ya Kobe", nikaomba namba ya ng'ombe, mhudumu akatabasamu akaniletea maji. Nililipa na roho iliniuma.

Mpenda Steki
Namba ya ng'ombe tena? Sasa tunaomba kitambulisho cha taifa cha ng'ombe.

Dokta wa Mifugo
Ndiyo, kipo. Mimi ni mganga wa mifugo, nilisoma Miyazaki kwa udhamini, nimeingia mabanda hayo kwa miguu yangu. Baada ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe kugundulika Japani 2001 walitunga sheria, 2003, kila ng'ombe nchini ana namba ya tarakimu 10, unaiingiza mtandaoni unaona amezaliwa lini, ni wa kabila gani, mama yake ni nani, amelelewa wapi na wapi. Na wagyu, yaani ng'ombe wa nyama wa asili ya Kijapani, anachukuliwa chapa ya pua akiwa ndama, kama sisi dole gumba. Dada Bint Sharjah uliuliza swali sahihi kabisa. Kobe ya kweli lazima awe wa Tajima, ukoo mmoja wa wagyu, azaliwe, alishwe na achinjwe ndani ya mkoa wa Hyogo, wenye mji wa Kobe, na kile kipimo cha mafuta alichosema Mchinjaji kiwe 6 kwenda juu. Na haikuanza kutoka nje ya Japani mpaka 2012. Kwa hiyo kila mtu aliyekula "Kobe" Ulaya au Marekani mwaka 2005 akajisifia, alikula kitu kingine.
Hilo la bia na muziki naomba tuliache. Wapo waliowahi kumpa bia ng'ombe aliyekosa hamu ya kula wakati wa joto, wapo wanaowasugua kwa brashi, lakini sio utaratibu. Utaratibu ni chakula. Ndama ananunuliwa mnadani ana miezi 9 hivi, anakaa bandani anakula mpaka miezi 28 au 30, karibu kilo 10 za chakula kikavu kwa siku akishakua, mahindi mengi yake yanatoka Marekani kwa meli. Na hapa katikati, sehemu isiyosemwa kwenye menyu, wanampunguzia vitamini A kwa makusudi ili mafuta yaingie vizuri kwenye nyama. Ukiwa fundi unajua wapi pa kusimama na unampima damu. Ukizidisha, anavimba miguu na macho yanaharibika. Niliwahi kumshika mmoja kichwa, nikapitisha mkono mbele ya jicho, hakupepesa.

Mtoto wa Tarime
Subiri. Hakupepesa yaani haoni???

Dokta wa Mifugo
Alikuwa haoni. Sio wote na sio kila shamba, naomba nisieleweke vibaya, wafugaji wengi niliowajua wanawapenda ng'ombe wao kuliko tunavyodhani. Ila yule alikuwa haoni.

Mpenda Steki
Sasa tumetoka kwenye bei tumeingia kwenye hospitali ya macho. Kuku wa kisasa mnayekula kila siku anaishi wiki 5 au 6 hajawahi kuona jua, mbona hamjamlilia? Na bado hamjajibu, kama ni jina tu, mbona Wamarekani na Waaustralia wana mbegu hiyohiyo na hawafikii?

Dokta wa Mifugo
Mbegu waliipata, madume manne yalikwenda Marekani 1976, na mengine miaka ya 90, halafu Wajapani wakafunga mlango, na 2020 wakatunga sheria ya kuilinda mbegu maana kuna watu walikamatwa wakijaribu kuipeleka China. Wengi wa nje wanachanganya na Angus, ng'ombe wa nyama wa kizungu. Halafu huku ndani wenyewe wamebana sana ukoo, karibu kuroge wote wa leo, yaani hao weusi ambao ndio zaidi ya asilimia 90 ya wagyu, wana damu ya dume mmoja wa Hyogo aliyezaliwa 1939. Jina lake Tajiri.

Mchinjaji Vingunguti
Jina lenyewe Tajiri. Bei ingeachaje kupanda.

Mpenda Steki
Hahaha hapo nimecheka mkuu. Basi bei ilishapangwa toka 1939.

Wakala wa Yokohama
Wakuu nimesoma yote. Mzee si Muislamu dada Bint Sharjah lakini nashukuru, sikuwa nimeliwaza na nina wageni wengine mwezi ujao kutoka Unguja. Jana usiku nilimpigia mzee nikamsomea kidogo, nikafika pale pa jicho. Akanyamaza muda. Halafu bei hakuiulizia tena, aliuliza kama mwenye banda anapata faida. Dokta?

Dokta wa Mifugo
Hapo mzee kagusa kidonda. Ndama mmoja mnadani ni laki kadhaa za yeni, kuna miaka alifika laki 8, na ndama pamoja na chakula ndio vinameza gharama karibu yote. Toka 2022 yeni imeanguka, chakula kinanunuliwa kwa dola, mfugaji anaminywa pande zote mbili. Wazee wengi wana ng'ombe watano sita na watoto wameshahamia Tokyo. Nilikuwa Miyazaki wakati bado wanaongelea ugonjwa wa miguu na midomo wa 2010, mifugo karibu laki 3 iliuawa na kuzikwa, nguruwe na ng'ombe, na wengine walikuwa wazima kabisa, wanauawa kwa sababu wako ndani ya eneo. Mwenyeji wangu alinionesha banda lake, alianza upya na mitamba miwili. Ile yeni elfu 20 ya Wakala, sehemu inayomfikia yule bwana ni ndogo, nyingi inabaki kwa mwenye bamba la chuma na kodi ya pango la mjini. Kwa hiyo nikiulizwa mimi, nyama inastahili bei, sahani ndiyo haistahili.

Mpenda Steki
Dokta hiyo nakubali. Ila ulimi bado unafundishwa, sijarudi nyuma.

Mtoto wa Tarime
Na mzee bado hujamwomba radhi. Tunasubiri.

Mpenda Steki
Kama nimemkosea mzee anisamehe. Wewe sijakuomba.

Shangazi wa Nagoya
Haya sasa yameisha. Wakala mwanangu, wageni wakija tena usiwapandishe shinkansen kwenda kuliwa hela. Nenda supamaketi ya kwenu saa 1 na nusu usiku, wanapita na stika za nusu bei. Angalia lebo, iandikwe wagyu, ikiandikwa "nyama ya ndani" tu hiyo mara nyingi ni ng'ombe wa maziwa. Chukua paja, usichukue mbavu, mafuta ni machache, mzee angeipenda. Ukiona ya ng'ombe wekundu wa Kumamoto chukua macho yamefumba, wapo wanaochungwa kwenye majani ya mlima Aso, hiyo ina ladha ya nyama. Gramu 60 kila mtu zinatosha, na wali, na figili ya kukwaruza juu. Nyama ile hailiwi ya kushiba, inaliwa kidogo. Hapo ndipo mlipokosea tangu mwanzo.

Mtoto wa Tarime
Shangazi hiyo stika wanabandika na kwenye utumbo?

Shangazi wa Nagoya
Wanabandika. Lakini uwahi, unaisha kwanza.