Mjadala: Ndege imezuiwa kuruka, kiwanda kiendelee kuitengeneza?

Mwanzisha hoja, Mikindani

Wana Kusini, naomba tulimalize jambo lililotugawa juzi kwenye kahawa. Jirani yetu anasafiri, na kipande kimoja cha safari yake ni kwa Boeing 737 MAX, aina ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza Oktoba 2023. Mmoja akamwambia asithubutu kupanda. Mwingine akasema ndege ilisharekebishwa, tena Boeing walionyesha uungwana hata wakasimamisha kiwanda. Hilo la uungwana ndilo nililolikataa, na bado nalikataa.

Kwa ambaye hakufuatilia: Oktoba 29, 2018 MAX ya Lion Air ilianguka baharini Indonesia, wakafa watu 189. Machi 10, 2019 ya Ethiopian Airlines ikaanguka dakika chache baada ya kuondoka Addis Ababa kwenda Nairobi, wakafa 157, wakiwemo Wakenya 32. Mara zote mbili programu ya kompyuta ilisukuma pua ya ndege chini kwa kuamini taarifa mbovu za kihisi kimoja tu. Kabla ya ajali ya kwanza, marubani hawakuwa wameambiwa kwamba programu hiyo ipo. China ilizuia ndege hizo Machi 11, Marekani ikafuata tarehe 13.

Sasa tazameni. Ndege imezuiwa Machi, lakini kiwanda cha Renton, jimbo la Washington, kilipunguza tu kutoka ndege 52 kwa mwezi hadi 42, kazi ikaendelea. Zilikosa pa kukaa, kule Seattle nyingine zikapangwa kwenye maegesho ya magari ya wafanyakazi. Boeing walikuja kutangaza kusimamisha Desemba 16, zilizolala zimefika kama 400. Siku chache kabla, mkuu wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, alikuwa amesema ruhusa haitatoka mwaka ule. Uungwana uko wapi hapo? Mimi nasema wangesimama Machi ileile.

Sisemi kwa kusoma tu. Nimepokea korosho ghalani misimu minne. Ghala likiwa na nafasi, unatia bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, kwenye gunia, unazitikisa korosho kiganjani, zisipotoa ule mlio mkavu unamwambia mwenye mzigo akaanike tena, na anaelewa. Msimu mmoja ghala lilifurika. Malori yamepanga foleni hadi barabarani, watu wanalala juu ya magunia yao, simu zinapigwa kila saa. Nikatia bambo, korosho zikatoka kimya, nzito. Nikazipitisha. Tulipokuja kufungua zile safu za chini, ukungu ulikuwa umeshika mpaka juti. Hakuna aliyeniamuru nipitishe, ila nilikuwa natazama ile foleni. Ndege 400 zilizolala ni foleni ya namna hiyo mbele ya mkaguzi. Kila moja iliyoongezwa baada ya Machi ilimwongezea uzito.

Fundi, Nachingwea

Pole kaka, ila umechanganya mambo. Korosho zako zilikuwa mbovu zenyewe. Bodi za ndege zile hazikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye programu na kihisi, vitu vinavyorekebishwa ndege ikiwa imepaki. Kusimamisha kiwanda ni kutawanya mikono. Boeing hawakuachisha watu wao wa Renton, lakini Spirit AeroSystems ya Wichita, kampuni nyingine iliyokuwa inawatengenezea bodi, walipunguza wafanyakazi 2,800 Januari 2020. Fundi mzoefu ukishamwachia hakusubiri.

Karakana yangu ilikaa bila kazi miezi mitano. Wazee wangu wawili wakaenda zao, mmoja Ruangwa, mwingine Dar. Niliporudi nikachukua vijana. Wa kwanza akakaza boliti za silinda hedi kuanzia pembeni, bila mpangilio, hedi ikapinda, hasara yangu. Ndiyo maana Januari 5, 2024 MAX 9 ya Alaska Airlines ilipong'oka kizibo cha mlango angani sikushangaa. Wachunguzi walikuta kwamba kule kiwandani boliti nne za kukishikilia hazikufungwa tena. Ni mawazo yangu, lakini naona pale mkono mgeni.

Mama, Newala

Wanangu, nimewasoma wote wawili. Mimi nimebangua korosho kiwandani, mafuta ya ganda yamenichubua vidole hivi hadi leo haviko sawa. Kiwanda kilipofungwa tuliambiwa Ijumaa, Jumatatu geti limefungwa. Watoto watatu shuleni. Basi msizungumze kusimamisha kama vile ni kuzima taa. Simamisheni, sawa, roho za watu hazina bei, lakini aliyekosea ndiye alipe mpaka yule wa mwisho anayechonga kipuri kidogo mji wa mbali. Kule naona wa Boeing walibaki na mishahara yao, wa kampuni nyingine wakaenda nyumbani. Hiyo si haki.

Msafiri, Kilwa Masoko

Mnaosema asipande, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga mlikuwa wapi? Mwenye mgonjwa wa rufaa alitazama juu tu. Sisi huku ndege si anasa. Mniambie ipi ni salama, msiniambie nikae nyumbani.

Mwanzisha hoja, Mikindani

Mama, shikamoo. Hilo la malipo sina la kupinga, na nilipaswa kulisema mwanzo. Miezi tisa ile ilitosha kabisa kuwapangia watu wa Wichita utaratibu.

Wa Kilwa, mimi sijasema asipande. FAA waliiachia Novemba 2020 baada ya programu kubadilishwa, sasa inasoma vihisi viwili. Jirani amekata tiketi na nimemtakia safari njema.

Fundi, wewe ndiye sikuachii. Unasema bodi hazikuwa na kosa. Februari 2020, kiwanda kimesimama, Boeing wenyewe walisema wamekuta mabaki ya kazi yamesahauliwa ndani ya matangi ya mafuta ya ndege zilizolala. Hiyo si programu, ni mikono iliyokuwa inakimbizwa. Na mikono ile haikuanza kukimbizwa 2019. Ed Pierson, meneja mwandamizi wa Renton, alimwandikia mkuu wake Juni 2018, wakati kiwanda kinasukumwa kutoka ndege 47 kwa mwezi kwenda 52. Alisema watu wamechoka, na akashauri uzalishaji usimame kwa muda. Juni 2018, fundi. Lion Air ilikuwa bado miezi minne. Baadaye alikwenda kuyasema mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, na Mkenya aliyepoteza mke, watoto watatu na mama mkwe kwenye ndege ya Ethiopia naye alikwenda kuyasema yake palepale.

Wewe unajua mtu aliyechoka anavyokaza boliti. Barua ile ingeletwa karakanani kwako, wazee wako wawili bado wapo, ungeijibuje?