Ushauri: Natunga, naimba na kuigiza bila lebo. Mkataba uliokuja unataka vyote

Binti wa Korasi:
Wakuu habari za jioni, niende moja kwa moja kwenye mada.

Nina miaka 27, nipo Dar. Natunga na kuimba Bongo Fleva ya taratibu, sina lebo. Studio nalipa mwenyewe, nyimbo napandisha mwenyewe Boomplay, Audiomack, Spotify na YouTube kupitia kampuni ya usambazaji ya mtandaoni. Uigizaji ulinikuta njiani: niliitwa kuimba kwenye sini ya harusi, muongozaji akanipenda, sasa nina uhusika mdogo kwenye tamthilia inayorushwa kwenye king'amuzi. Kusema ukweli kodi ya chumba inalipwa na tamthilia. Muziki unalipa bando na saluni, na mwezi ukiwa mbaya hata bando haulipi.

Imekuja kampuni ya menejimenti, inataka kunisaini miaka 5. Wao wanagharamia studio, video na promo, kisha wanajirudishia gharama zao, kinachobaki tunagawana: 60 kwao, 40 kwangu. Kuna vipengele viwili vinaninyima usingizi. Kimoja kinasema masta (rekodi zenyewe) za nyimbo zangu zote, "zilizopo na zitakazokuwepo", zinakuwa mali yao. Kingine kinawapa fungu kwenye "kazi zote za burudani". Nilipouliza, nikaambiwa ndiyo, hata hela ya kuigiza.

Tamthilia nao wana yao. Mhusika wangu ana rasta nyekundu, na haziguswi mpaka msimu uishe ili sini zisipishane. Video yangu ya mwisho nilivaa wigi juu ya hizo rasta, jua la Kigamboni saa nane mchana, kichwa kimevimba kama nimebeba tenga. Ratiba ya kushuti inatumwa usiku kwa ajili ya kesho yake, hivyo shoo za mikoani nakataa.

Nisaini? Nikomae mwenyewe? Au niache kimoja? Wenye matusi pitieni uzi mwingine.

Chawa Mstaafu:
Saini dada. Uhuru wa nini na hela ya promo huna? Humu watakutajia Harmonize alivyotoka WCB, lebo ya Diamond, 2019 na Rayvanny 2022, waonyeshe kwamba lebo ni jela. Hawakwambii kwamba Rayvanny alibeba tuzo ya BET mwaka 2017 akiwa humo humo ndani. Mpaka wanatoka na kuwa na lebo zao, majina yalishakuwa makubwa. Wewe unataka kutoka kabla hujaingia.

Kinanda Tandika:
Chawa ana hoja yake, ila ngoja tuanzie chini. Mdogo wangu, hizo masta wanazozitaka, una uhakika ni zako? Mimi natengeneza biti. Wasanii wengi wanaamini wakishalipa studio basi kila kitu ni chao. Kama hakuna karatasi kati yako na prodyuza, kesho anaweza kuibuka na madai yake, tena kipindi ambacho wimbo umeanza kuingiza hela. Mfuate kila prodyuza, akuandikie kakabidhi nini na yeye anabaki na asilimia ngapi ya utunzi. Chukua na project nzima, yaani faili la studio lenye sauti moja moja, siyo ile mp3 ya WhatsApp.

Na kama kuna biti uliikodi mtandaoni, angalia leseni yake. Nyingi wanakodishwa watu hata mia kwa wakati mmoja, na zina ukomo wa idadi ya kusikilizwa. Huwezi kumuuzia mtu masta ya wimbo ambao biti yake umepanga.

Binti wa Korasi:
Kaka Kinanda umenishtua. Nyimbo mbili biti ni za kukodi. Nyingine zote ni prodyuza mmoja wa Sinza, tunaelewana sana.

Kinanda Tandika:
Mkiwa bado mnaelewana ndiyo muda wa kuandikishana.

Shangazi Mikataba:
Mwanangu, nimewasimamia wasanii miaka mingi kabla sijahamia kwenye kazi za sheria, kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Wimbo mmoja una haki mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna sauti iliyorekodiwa, ambayo ndiyo hiyo masta. Kwa Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Sasa soma tena karatasi yako. Miaka 5 ni muda wa wewe kuwafanyia kazi. Imeandikwa wapi kwamba ikiisha masta zinarudi? Kama hapajaandikwa, umewapa moja kwa moja. Nyimbo za zamani hawakuweka hata shilingi, wanazitakia nini? Mpya walizogharamia, mjadala upo: wazishike miaka kadhaa kwa leseni, kisha zirudi kwako.

Pili, huko kujirudishia gharama. Hapa ndipo wasanii wanapoliwa kuliko kwenye hiyo 60 kwa 40 inayowatia uchungu. Tuseme mwaka umeingiza milioni 15. Wakija na gharama za milioni 12, kinachogawanywa ni milioni 3, na asilimia 40 yako ni milioni moja na laki mbili. Nani aliidhinisha hiyo 12? Mafuta ya gari la bosi yamo? Chakula cha wapambe wake kwenye shoo? Dai ukomo wa gharama kwa kila wimbo, dai matumizi yoyote juu ya kiasi fulani yawe na saini yako, na hesabu zenye risiti kila baada ya miezi mitatu.

Tatu, uigizaji. Ulijitafutia mwenyewe, hauwahusu. Wakikuletea tangazo au filamu, walipwe kama meneja kwenye kazi hiyo tu. Asilimia 15 mpaka 20 ndiyo iliyozoeleka kwa meneja.

Kuna kitu hujakitaja: chaneli ya YouTube na jina lako la kisanii. Imeandikwaje kuhusu hivyo? Nimeona msanii akiondoka na begi la nguo tu, chaneli na jina vimebaki ofisini.

Mzee wa Bando:
Kwenye hiyo chaneli, umejaza fomu ya kodi ya Marekani? Usipojaza, Google wanaweza kukukata mpaka asilimia 24 ya mapato yote, hata ya watazamaji wa Mbagala. Ukijaza wanakata 30, ila kwenye mapato ya watazamaji walioko Marekani peke yake, maana sisi hatuna mkataba wa kodi nao. Dakika kumi tu.

Sini ya Pili:
Mimi mwigizaji. Nani kasema uache kimoja? Shilole alianzia kwenye filamu akahamia kwenye muziki, Hemedy PHD kashika vyote. Shida yako ni ratiba. Msimu ukiisha mtaandikishana upya, hapo ndipo mahali pa kuomba. Peleka tarehe za shoo mapema kwa maandishi, omba utajiwe siku za kushuti angalau wiki moja kabla. Ukiwa mhusika mdogo si rahisi kukubaliwa kila kitu, lakini hakuna wa kukuombea.

Na wakitaka wimbo wako utumike ndani ya tamthilia, hiyo ni leseni yenye malipo yake, usikubali imezwe na posho yako ya siku. Nimeshaona watu wakipigiwa wimbo msimu mzima kwa ahadi ya "utapata jina".

Rasta pole. Waombe wakushonee wigi linalofanana nazo, uvae kazini tu.

Chawa Mstaafu:
Mkimaliza kumpigia mahesabu mumchangie hela ya video.

Shangazi Mikataba:
Chawa, sijamwambia akatae. Nimemwambia wajadiliane.

Binti wa Korasi:
Mrejesho wakuu. Leo nimeonana nao. Uigizaji wamekubali kuutoa. Chaneli inabaki kwa jina langu, wao wanapewa uwezo wa kuisimamia tu. Nyimbo za zamani wamegoma kwanza, baadaye wakasema wataziacha kama nitawapa asilimia 10 ya mapato yake ndani ya miaka ya mkataba, kwa sababu promo yao itazipandisha na zenyewe. Ukomo wa gharama wamecheka, wakasema "tuaminiane". Wanataka nisaini Ijumaa.

Shangazi Mikataba:
Hiyo 10 kwenye nyimbo za zamani inakubalika, mradi umiliki unabaki kwako na inakoma siku mkataba unapokoma. Ziorodheshwe kwenye kiambatisho, jina la kila wimbo na tarehe uliyotoka, msaini pande zote kila ukurasa. Kabla ya hapo zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Hakimiliki unayo hata bila kusajili, ila siku ya ubishi cheti ndicho kinachosema.

Gharama bila ukomo, Ijumaa usiende. Na uwaombe namba yao ya usajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, mbona hujaitaja?

Binti wa Korasi:
Sikuuliza shangazi. Nawapigia sasa hivi.