Mnyama anachagua mwenyewe, au ubongo umeshamalizana naye?

Mtu Chake: Wadau, watu wanasema eti mnyama "anachagua" chakula, mi nasema hakuna kuchagua hapo, ni dopamini tu, ile kemikali ya ubongo. Wale watafiti Olds na Milner, 1954 kule Kanada, walimchomeka panya waya kichwani, akibonyeza kidude anapata kiumeme kidogo kwenye ubongo, basi akawa anabonyeza anabonyeza, kazi ni hiyo. Sasa huyo kachagua nini? Kama nyie tu mnaokesha na simu.

Bi Shuka: Hapo kwenye simu umenigusa pabaya. Nina mtoto mchanga, usiku silali, nifanye nini? Usinifananishe na panya.

Mtu Chake: Dada sijakutaja

Bi Shuka: "Nyie" ni nani sasa, majini?

Kombo2: 😂😂 majini hawana dopamini

Njiwa Manga: Tuache simu. Mleta mada unachanganya kutaka na kufurahia. Watafiti Berridge na Robinson waliwaondolea panya karibu dopamini yote kwenye sehemu fulani za ubongo, wakawa hawali hata chakula kikiwa mbele yao, lakini ukiwadondoshea sukari mdomoni wanalamba midomo vilevile, utamu wanausikia. Dopamini inasukuma miguu, ulimi una mambo yake.

Mtu Chake: Si umenisapoti sasa, bila dopamini hachagui

Njiwa Manga: Soma vizuri. Mtafiti mwingine, Salamone, yeye aliipunguza tu, panya akaendelea kula, ila akaacha kubonyeza kidude kupata chakula kitamu akaenda kwenye chakula cha kawaida cha bure palepale. Kapiga hesabu ya jasho, huko si kuchagua?

Kombo2: huyo shemeji yangu kabisa

Bi Shuka: Panya panya panya. Paka wangu bakuli limejaa, lakini akisikia kopo linafunguliwa anatoka mbio chumba cha pili, anafika, ananusa, anageuka zake. Hali! Huyo katafuta nini?

Njiwa Manga: Dada umeeleza kuliko mimi. Ndo yale ya mtafiti Schultz na kima wake, aliowapa ishara kwanza kisha juisi: wakishazoea, seli za dopamini zinashtuka kwenye ishara, juisi yenyewe ikija zimetulia kama hakuna kitu. Isipokuja ndo zinanyamaza kabisa.

Mtu Chake: Kwa hiyo paka anashtuka na kopo, na watu wanashtuka na mlio wa si

Bi Shuka: Umeanza tena.