Miezi mitano na siku bado, naeza kushika mimba?

MamaMdogo_Lamu: Mashoga, mtoto ana miezi 5, nifasi ilikatika kabla ya arubaini na tangu hapo sijaona siku zangu, nanyonyesha tu, na babake arudi Ijumaa kutoka baharini 😅

Shoga wa Langoni: Waeza sana! Yai hutangulia damu. Mimi wa pili nilimshika sijaona hata tone, nikadhani ni gesi ya mbaazi.

Nesi Mstaafu: Mwanangu, ikiwa hajafika miezi 6, hujaona damu na ni titi tupu mchana na usiku, kinga ni kama asilimia 98. Akianza uji usijiaminishe, kuna vidonge vya wanaonyonyesha.

MamaMdogo_Lamu: Uji?? Nyanyake ashaanza kumlisha kisirisiri, nimekiona kijiko. Kesho kliniki.